Chukua penseli uchore, huenda ukajiona ulivyo

MWAMBIE mtu mzima yeyote achore kikombe kilicho mezani nawe utasikia jibu lile lile: "Mimi sijui kuchora." Mtu huyo huyo alipokuwa na umri wa miaka minne alijaza kuta za nyumba michoro ya makaa bila kumwomba yeyote ruhusa. Kisha akaenda shule, akaambiwa ng'ombe wake anafanana na mbuzi, wenzake wakamcheka, na tangu siku hiyo penseli ikawa ya kufanyia hesabu tu.

Makala haya, msomaji, yameandikwa kwa ajili ya huyo asiyejua kuchora. Hayana nia ya kukufanya msanii wa kuuza picha. Yanahusu kuchora polepole ili utulie na kujitazama, jambo linalohitaji penseli, daftari na dakika 10 tu.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Wengi wetu mjini tunajua bei ya unga, matokeo ya mechi ya jana na ugomvi wa jirani wa ghorofa ya juu, lakini tukiulizwa tuna hali gani moyoni tunajibu "salama" na kushika njia. Alfajiri tunakimbilia matatu, usiku tunarudi tumechoka, na muda kidogo unaobaki unamezwa na simu. Matokeo yake ni kwamba hasira iliyoanzia kazini inamwangukia mtoto aliyemwaga chai, naye mwanafunzi anayeogopa mtihani anajifungia chumbani huku wazazi wakidhani ana kiburi.

Kujifunza kutazama

Kuchora kunasaidiaje? Kwanza, kunakulazimisha utazame. Huwezi kuchora kitu polepole na papo hapo ukawa unawaza deni la duka.

Frederick Franck, mzaliwa wa Uholanzi, alikuwa daktari wa meno na pia mchoraji. Mwishoni mwa miaka ya hamsini alihudumu katika hospitali ya Albert Schweitzer huko Lambaréné, nchini Gabon, na huko alitibu meno na kuchora aliyoyaona. Mnamo 1973 alitoa kitabu, The Zen of Seeing, akieleza kwamba mtu akikichora kitu ndipo anapokiona kwa mara ya kwanza, hata kama alikuwa akipita karibu nacho kila siku.

Njia aliyoifundisha ni ya kukaza macho kwenye kitu chenyewe, si kwenye karatasi. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kuelezwa na Kimon Nicolaïdes, mwalimu wa sanaa wa New York, katika kitabu kilichotolewa mwaka wa 1941 baada ya kifo chake. Mchoro unaotokea huwa umepinda na pengine unachekesha. Hapo ndipo penye faida, kwa kuwa unapoacha kuhangaikia uzuri wa picha, akili inapumzika.

Picha inaposema usilotaka

Faida ya pili ni nzito zaidi. Marion Milner, mwanasaikolojia wa Uingereza, alitaka kujua kwa nini kuchora kulimshinda. Akaamua kuiachia penseli iende itakako. Alipokusudia kuchora miti yenye utulivu, alishangaa kuona karatasini miti inayopigwa na dhoruba. Aligundua kwamba mkono wake ulikuwa umetoa hofu na hasira ambazo mdomo wake haukuwa umezikiri. Kitabu chake, On Not Being Able to Paint, kilitoka mwaka wa 1950.

Naye Carl Jung, daktari maarufu wa akili wa Uswisi, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia alikuwa na desturi ya kuchora duara ndogo daftarini kila asubuhi. Kwa kuzitazama duara hizo siku baada ya siku aliweza kufuatilia jinsi hali yake ya ndani ilivyokuwa ikibadilika.

Pengine utasema hao walikuwa wasomi wakubwa. Basi sikiliza haya. Mwaka wa 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 kalamu za rangi, karatasi, udongo wa kufinyanga na vitu vya kubandika, wakawaacha watengeneze walichotaka kwa dakika 45. Mate yao yalipimwa kabla na baada. Kwa takriban asilimia 75 yao, kiwango cha kotisoli, homoni inayohusiana na dhiki, kilikuwa kimeshuka. Jambo la kutia moyo ni kwamba wasiokuwa na uzoefu wa sanaa walinufaika sawa na wenye uzoefu. Utafiti huo ulikuwa mdogo, na si kila mtu alipata nafuu, lakini unaonyesha kwamba kipaji si sharti.

Anza hivi

Chagua wakati ambao nyumba imetulia. Weka simu mbali. Chagua kitu kimoja cha kawaida: kiganja chako, sufuria, jani la sukuma wiki au kiatu cha mtoto kilichoisha kisigino.

Kitazame kwa dakika moja bila kuchora. Kisha weka ncha ya penseli kwenye karatasi na uache jicho litembee ukingoni mwa kitu hicho taratibu kama sisimizi, mkono ukilifuata jicho. Usitazame karatasi. Usitumie raba. Mawazo yakikupeleka kwenye kodi ya nyumba, yarudishe kwenye kiatu bila kujikaripia.

Ukimaliza, andika tarehe na sentensi moja tu chini ya mchoro: "Nilipokuwa nikichora niliwaza nini?" Usimwonyeshe mtu ila ukitaka mwenyewe. Baada ya mwezi mmoja fungua kurasa za nyuma. Huenda ukaona kwamba kila Jumapili jioni mistari yako imekandamizwa hadi karatasi ikakaribia kutoboka, au kwamba jina la mtu mmoja linajirudia katika sentensi zako. Hapo utakuwa umejua jambo la kushughulikia, iwe ni kazi, masomo au mtu uliyekosana naye.

Pamoja na watoto

Jambo hili lafaa pia kufanywa na familia nzima. Ketini mezani mchore kitu kimoja, baba, mama na watoto. Mzazi akichora ndizi inayofanana na kiatu, mtoto hujifunza kwamba kukosea si aibu.

Lakini tahadhari, mzazi. Usimuulize mwanao, "Hii nayo ni nini?" Mwambie, "Nieleze kuhusu picha yako," kisha unyamaze usikilize. Wala usijifanye mganga wa kusoma michoro. Rangi nyeusi si lazima iwe huzuni. Pengine ndiyo kalamu pekee iliyokuwa na wino. Mwenye kujua maana ya picha ni aliyeichora.

Aidha, penseli si dawa ya kila kitu. Ikiwa huzuni imedumu kwa majuma, usingizi umepotea au mtu anafikiria kujidhuru, asibaki na daftari peke yake. Amwone daktari au mshauri nasaha bila kukawia, na mwanafunzi amwendee mwalimu anayemwamini. Pengine ukurasa mmoja wa michoro utamsaidia kuanza mazungumzo ambayo maneno yalikuwa yamekataa.

Mwanzo wa ngoma ni lele. Leo jioni, vyombo vikishaoshwa, chukua penseli ya mtoto iliyochongwa hadi ikabaki kipande, na uchore mkono wako wa kushoto. Ikiwa unatumia wa kushoto, chora wa kulia. Umeishi na mkono huo maisha yako yote. Utashangaa ni mangapi ambayo hukuwa umeyaona.