Utii na Hoja: Raia Mbele ya Mwenye Amri (Sehemu ya Pili)

Baada ya kuzungumza juma lililopita mintarafu ya utii katika daula za kale, leo natusimame Nyakanazi, njia panda ya Biharamulo, ambapo barabara itokayo Kahama hugawanyika, moja ikashika Ngara na Rusumo, nyingine ikaelekea Kibondo na Kigoma.

Zamani katika pande hizi, Rusubi, Bushubi na Bugufi, kila nchi ilikuwa na mtawala wake, na hishima yake ilikuwa ya nasaba. Wadachi wakamwita sultani. Waingereza nao, kwa sharia yao ya mwaka 1926, wakamfanya kuwa mkono wa serikali yao katika kodi na hukumu. Hapo, kwa rai yangu, ndipo ufa ulipoanza, kwa maana aliyekuwa mzee wa nchi akawa mdai wa kodi, na raia atozwaye hana budi siku moja kuuliza fedha zake zimekwenda wapi. Hata serikali huru ilipoondoa mamlaka ya machifu mwaka 1963, khofu ilikwisha kupungua kitambo.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukaongeza jambo kubwa: chama chenyewe kilimkataza kiongozi ujeuri na dharau, na wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam wakayashika maneno hayo kuwakabili mameneja wao. Miaka michache baadaye watu walihamishiwa vijijini kwa amri, wengine kwa nguvu; maneno yale, hata hivyo, yalikwisha kusikika.

Nyakanazi huishi Msubi, Mhangaza, Mha na Msukuma, na hapana awezaye kuwatawala wote kwa jina la babu yake. Atakaye kutiiwa sharti aje na hoja. Ndiyo maana katika mkutano wa kijiji hudaiwa mapato na matumizi yasomwe. Wazee wasemao kwamba vijana wamekosa adabu siwaafiki hata kidogo: kijana huyo humwamkia mwenyekiti shikamoo, kisha humtaka hesabu, na yote mawili ni hishima.

Lakini mwenyekiti huchaguliwa na wanakijiji, ilhali mtendaji, mwenye kushika daftari na stakabadhi, huajiriwa na halmashauri ya wilaya. Aulizwapo na wanakijiji, aghalabu macho yake huelekea kwa mwajiri wake. Mintarafu ya mtendaji huyo tutaendelea katika sehemu ya tatu.