Muuguzi Mpya Asione Haya Kuuliza

Kila mwaka vijana wengi huhitimu masomo ya uuguzi katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu nchini (KMTC), katika vyuo vikuu na katika vyuo vya mashirika ya dini. Hufanya mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, na wafaulupo husajiliwa na kupewa leseni. Jamaa hukusanyika, mbuzi akachinjwa, na mzazi akashusha pumzi. Baadhi yao hungojea ajira kwa muda mrefu. Waipatapo, hukabidhiwa zamu, funguo za kabati la dawa na roho za watu. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo hakuna mtihani uliowahi kuliuliza: je, kijana huyu anaweza kutamka neno "sijui" mbele ya wakubwa wake?

Msomaji huenda akaliona swali hili kuwa dogo. Na achukue mfano wa mtoto mchanga aliyeandikiwa miligramu 10 za dawa ya gentamisini. Kichupa kimoja cha dawa hiyo aghalabu huwa na miligramu 80 katika mililita 2. Kwa hivyo, mtoto anastahili mililita 0.25. Muuguzi aliyekesha akiisogeza nukta hatua moja tu, atavuta mililita 2.5, yaani miligramu 100, ambazo ni mara kumi ya kipimo. Dawa hiyo ikizidi mwilini huweza kudhuru figo na masikio. Muuguzi mzoefu angeshtuka pale alipolazimika kufungua kichupa cha pili kwa ajili ya kitoto kichanga. Mgeni naye huenda akashtuka, lakini kushtuka hakutamfaa mtoto yule iwapo muuguzi atanyamaza. Sharti amgeukie mwenzake aseme, "Sista, tafadhali nihakikishie hesabu hii." Maneno hayo hayachukui hata nusu dakika.

Kwa nini basi maneno hayo huwa mazito? Sababu ya kwanza i wodini kwenyewe. Yako maeneo ambako anayeuliza hujibiwa kwa kejeli: "Huko chuoni mlifundishwa nini?" Wakubwa wanaosema hivyo si watu waovu. Wengi wao wamechoka, wagonjwa ni wengi na wauguzi ni haba, na wao wenyewe walipokelewa vivyo hivyo walipokuwa wageni. Hata hivyo, kejeli moja hufunga kinywa kwa miezi mingi. Kijana hujifunza kubahatisha, na katika kazi hii anayelipia bahati mbaya ni mgonjwa.

Sababu ya pili i karibu nasi zaidi, nayo ni darasa. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001, lakini dhihaka haijapigwa marufuku. Mwanafunzi akikosea jibu, wenzake huangua kicheko, na pengine mwalimu akacheka nao. Baada ya miaka kumi na miwili ya namna hiyo, mtoto huhitimu akiwa stadi wa kuficha asichokijua. Ustadi huo humwokoa na aibu darasani, ila wodini huwa hatari. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha uchi hazai.

Haya si mambo ya Kenya pekee. Mwaka 1974, mtaalamu wa uuguzi wa Marekani, Marlene Kramer, aliandika kitabu kuhusu mshtuko unaowapata wahitimu wapya wanapoona umbali ulioko baina ya walichofunzwa na kazi yenyewe, na jinsi mshtuko huo unavyowafanya baadhi yao kuiacha taaluma. Mwaka 1984, mwenzake Patricia Benner alieleza kwamba muuguzi hupanda ngazi tano, tangu uanagenzi hadi ubingwa, na kwamba umahiri wa kawaida huja baada ya miaka miwili au mitatu katika kazi ya aina moja. Maadamu mambo ni hivyo, kumtarajia mhitimu wa juzi ajue kila kitu ni kumdhulumu, na ni kumdhulumu mgonjwa pia.

Wako watakaodai kwamba mgonjwa akimwona muuguzi akiuliza, atapoteza imani. Hoja hiyo ina uzito wake, kwani mgonjwa anataka kuhisi kwamba yu mikononi mwa wajuzi. Lakini mgonjwa huyo huyo, akielezwa kwamba dawa yake imehakikishwa na watu wawili, hulala kwa amani zaidi. Imani iliyojengwa juu ya ujuzi wa kuigiza haidumu.

Hata hivyo, kuuliza nako kuna adabu zake. Muuguzi mpya anapomwita daktari wa zamu usiku wa manane, asiseme tu, "Njoo, mgonjwa amezidiwa." Amtaje mgonjwa na maradhi yake, aeleze mabadiliko aliyoyaona na vipimo alivyochukua, atoe maoni yake, kisha aseme anachohitaji. Akipewa agizo kwa simu, alirudie kwa sauti kabla ya kulitekeleza. Mtu anayeuliza hivyo hawezi kuitwa mjinga na yeyote, kwa kuwa swali lake limebeba nusu ya jibu.

Tangu mwaka 2013, wauguzi wengi wa umma wameajiriwa na serikali za kaunti. Basi ni wajibu wa kaunti kuhakikisha kwamba kila muuguzi mpya amekabidhiwa mzoefu mmoja wa kumwongoza, na kwamba haachwi peke yake usiku kabla ya kuizoea wodi. Kuna pia zahanati za mashambani ambako muuguzi huweza kujikuta peke yake, bila mkubwa wa kumgeukia. Huyo naye apewe nambari ya simu ya mzoefu anayejua kwamba ni kazi yake kuipokea. Jambo hili halihitaji jengo jipya wala mashine ya mamilioni.

Nanyi walimu, msidhani kwamba hamhusiki kwa kuwa mnafundisha Hisabati au Kiswahili. Muuguzi atakayemhudumia mjukuu wenu yuko darasani mwenu leo, pengine kwenye dawati la nyuma, akisita kuinua mkono. Siku atakapouinua na kusema hajaelewa, mpokeeni kwa heshima, kwani anajizoeza tendo litakalookoa maisha ya mtu. Nanyi wanafunzi mnaoazimia kuvaa sare hiyo, someni kwa bidii, maana anayeuliza kwa uvivu huwachosha wenzake. Lakini mkikwama baada ya kusoma, ulizeni. Leseni ya Baraza itawapa ruhusa ya kushika sindano. Ujasiri wa kuiweka chini kwa dakika moja ili muulize, hamna budi kuingia nao wodini kutoka shuleni.