Lijue jani kabla ya kulipika

Msomaji, ukifika mashamba ya Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, utaonyeshwa mchunga, mnavu na mwarobaini. Tahadhari na mnanaha, wenye ua refu kama tarumbeta na tunda la miiba. Majani yake machanga yakichumwa pamoja na mnavu, mlaji hukauka kinywa, mboni humpanuka, moyo humwenda mbio, naye huanza kuweweseka.

Hatari ya kuchanganya mimea iliwasumbua madaktari tangu kale. Mjini London, kati ya 1737 na 1739, Elizabeth Blackwell alitoa picha 500 za mimea ya dawa. Alichora, akachonga kwenye mabamba ya shaba, kisha akapaka rangi kwa mkono. Alihitaji fedha, kwani mumewe alikuwa amefungwa kwa madeni. Siku hizi kurasa hizo hutundikwa sebuleni kama mapambo!

Mimi nazisifu kwa jambo jingine: kando ya jani alichora ua, tunda na mbegu. Jani peke yake hudanganya. Basi mgonjwa akikimbizwa hospitali, pelekeni pia tawi zima la mmea alioula, lenye ua na tunda. Msimtapishe.