Macho kushoto, mpira kulia: Kipa hajauza mechi

MKWAJUNI, SONGWE. Jioni ukipita uwanjani hapa Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, huwakosi vijana wanaopigiana penalti. Mpigaji anakazia macho kona ya kushoto, anapiga kulia. Kipa anaruka kushoto, mpira wavuni. Nyuma ya goli kelele zinaanza: "Kauza huyo!"

Jamani, msimwonee. Kilichomponza kinajulikana kisayansi, na hakihusiani na bahasha.

Miaka ya 1960, mwanasaikolojia wa Marekani, J. Richard Simon, aliwavalisha watu hedifoni. Kazi ilikuwa nyepesi: ukisikia neno 'kulia', bonyeza kitufe cha kulia, ukisikia 'kushoto', bonyeza cha kushoto. Neno limeingia sikio gani, hayo hayakuhusu. Lakini 'kulia' ilipoingia sikio la kushoto, watu walichelewa. Walijua kabisa sikio si hoja, ila mkono ulivutwa upande huohuo.

Mwaka 2011 Wilfried Kunde na wenzake wa Ujerumani walilileta jambo hilo michezoni. Waliwaonyesha watu picha za mchezaji wa kikapu, wakawataka waseme pasi inaelekea wapi na waachane na uso wake. Uso ulipotazama upande tofauti na pasi, majibu yalichelewa.

Ni sehemu ndogo tu ya sekunde. Lakini penalti inapigwa mita 11 kutoka golini, na goli lina upana wa mita 7.32. Hapo kipa akichelewa kidogo tu, anaokota mpira wavuni.

Dawa ipo. Majaribio yanaonyesha mtu akishazugwa, mara inayofuata havutwi sana, na dalili za uongo zikizidi zinaishiwa nguvu. Ndiyo maana anayezuga kila penalti mwisho anaumbuka. Kocha awaruhusu wapigaji wamzuge kipa mazoezini hadi azoee, naye aachane na macho yao, atazame mguu wanaosimamia. Kwenye mechi asitegemee filimbi: sheria inaruhusu kuzuga wakati wa kuukimbilia mpira, kosa ni kuzuga shuti ukishamaliza kukimbia.

Na wewe shabiki unayepiga kelele za "kauza", mpigaji alipotazama kushoto, shingo yako ilienda wapi?