Ukirudi Kwenye Theluji, Anza na Goti

Kila mwaka, mvua za vuli zikikaribia, kliniki yangu huku Ngong Road hupata aina moja ya mgonjwa ambaye kusema kweli haumwi. Mara nyingi amepita miaka hamsini, au anaikaribia. Alisomea Innsbruck, Oslo au Montreal, akajifunza kuskii kwa sababu wenzake wote waliskii, kisha akarudi Nairobi, akaoa au akaolewa, akajenga Karen au akapanga Kileleshwa, na mambo ya theluji yakaishia kwenye albamu ya picha. Sasa watoto wamekua, pesa kidogo ipo, na ofisi fulani ya usafiri kule katikati ya jiji imemwonyesha picha za Alps. Anakaa kitini na kuuliza: "Daktari, niende wapi?"

Mimi si daktari wala wakala wa usafiri. Ni mtaalamu wa tibamaungo. Swali hilo nalijibu hata hivyo, maana kwa mtu aliyekaa mbali na theluji miaka ishirini, kuchagua mlima ni suala la mwili kabla halijawa suala la pesa. Majina anayoyataja, Chamonix, St. Anton, Kitzbühel, aliyapenda akiwa kijana. Mapaja aliyo nayo leo ni ya mtu anayekwama ndani ya gari Waiyaki Way asubuhi na jioni.

Tuanze na hayo mapaja. Kuskii ni kushuka muda wote huku magoti yamekunjwa. Msuli mkubwa wa mbele ya paja hufanya kazi ya breki: unavutwa urefuke, na wakati huohuo unajikaza usiachie. Kazi hiyo ni tofauti kabisa na kupanda ngazi au kuendesha baiskeli ya jimu, ambako msuli hujikaza ukifupika. Kazi ya breki huchana nyuzi ndogondogo za msuli, na maumivu yake hayaji papo hapo. Huja siku ya pili au ya tatu, yaani katikati ya likizo uliyoilipia kwa euro. Mwenye mapaja yaliyokazana namna hiyo hawezi kuinama vizuri, hivyo uzito wake hurudi nyuma, juu ya visigino, na hapo goti hubaki kubeba mzigo peke yake. Kano ya ndani ya goti, ile ile inayowamaliza wanasoka wetu, hukatika watu wakiwa katika mkao huo.

Bahati nzuri msuli haukosi adabu. Ukishaumia kwa kazi ya breki mara moja na ukapona, mara ya pili kazi ileile hauisikii sana, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Ndiyo sababu nawatuma wateja wangu Ngong. Kutoka upande wa mitambo ya upepo hadi Kona Baridi, mgongo wa vilima vile hupanda na kushuka, tena kupanda na kushuka, na kilele chake kiko mita 2,460. Watu wote husimulia kupanda, kwa kuwa ndiko kunakowakata pumzi. Mimi nawaambia wapande polepole wanavyotaka, wasimame wapige picha, wale ndizi, lakini kushuka washuke kwa nidhamu: hatua fupi, magoti yamekunjwa, kifua mbele, bila kujitupa kama mtu anayewahi matatu ya mwisho. Mara moja kwa wiki, kwa miezi miwili kabla ya safari, inatosha. Nendeni kwa kikundi, mkiwa na askari wa misitu. Na anayeishi ghorofa ya kumi Kilimani ana mlima wake nyumbani: apande kwa lifti, ashuke kwa ngazi, tena na tena. Majirani watamshangaa, lakini mlinzi wa getini huzoea.

Goti likivimba kesho yake baada ya Ngong, usikate tiketi bado. Njoo tulitazame.

Sasa mlima wenyewe. Kabla ya kuangalia picha za hoteli, fungua ramani ya miteremko ya mahali unapopafikiria, kila kituo huwa nayo, na utazame rangi. Hapa wengi hupotea. Ufaransa na Hispania mteremko rahisi kabisa hupakwa kijani, kisha bluu, nyekundu na nyeusi. Austria, Uswisi na Italia hawana kijani; kwao ngazi ya kwanza ni bluu, na kwa kawaida haizidi mwinuko wa asilimia 25. Marekani na Kanada hutumia duara la kijani, mraba wa bluu na almasi nyeusi, na bluu yao ni ya watu wa kati. Kwa hiyo aliyejifunzia Montreal akijisifu kwamba yeye "ni mtu wa bluu" anasema jambo tofauti na wa Innsbruck anayetamka neno lilelile.

Ukitazama ramani, tafuta bluu inayoanzia juu kabisa na kufika hadi chini bila kukatizwa na nyekundu. Vituo vingi maarufu vina bluu nzuri juu, halafu njia pekee ya kurudi kijijini jioni ni nyekundu nyembamba iliyogeuka barafu, imejaa watu waliochoka kama wewe. Uliza kama unaweza kushuka kwa gondola badala ya kuskii; kama jibu ni ndiyo, nusu ya hofu imekwisha. Uliza pia lifti za mteremko wa wanaoanza ni za aina gani. Lifti ya viti au gondola humpumzisha mtu. Lifti ya kuburutwa, ile ya kushika nguzo katikati ya miguu, humchosha kabla hajaanza kushuka.

Kuna jambo moja ambalo mtu wa Nairobi analo na wa London hana. Jiji letu liko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na vitongoji vya magharibi, kuanzia Karen kuelekea Ngong, vinapanda zaidi. Obergurgl ya Austria, kijiji kinachosifika kwa theluji ya uhakika, kiko mita 1,930. Seiser Alm ya Italia, uwanda mkubwa wa malisho katika Dolomites, huanzia karibu mita 1,680. Ukilala huko hutasikia tofauti kubwa na kulala Dagoretti, ila baridi. Ninapoulizwa nitaje mahali pamoja pa kurudia, hutaja Seiser Alm bila kusita: miteremko ni mipana na ya upole, jua lipo, na hakuna anayekukimbiza. Vijana watasema panachosha, na hiyo ndiyo sifa yake. Val Thorens ya Ufaransa, mita 2,300, ina theluji nzuri hadi majira ya kuchipua, lakini nampendekezea anayerudi mwaka wa pili.

Afrika nayo ipo. Afriski, katika milima ya Maluti nchini Lesotho, iko zaidi ya mita 3,000, msimu wake ni Juni hadi Agosti, na theluji yake nyingi hutengenezwa kwa mashine. Mteremko mkuu ni wa kama kilomita moja. Kwa Mkenya ina faida mbili: inaangukia likizo ya shule ya Agosti, na njia yake hupitia Johannesburg, ambako tangu Januari 2023 tunaingia bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka. Ubaya wake ni kimo. Zaidi ya mita 2,500 hata mtu wa Nairobi anaweza kuamka na kichwa kinachogonga, hivyo siku ya kwanza asiguse skii. Oukaïmeden, juu ya Marrakech, ni pazuri kwa macho, lakini theluji yake ni ya kubahatisha. Singeagiza tiketi miezi sita mapema kwa ajili yake. Na Dubai? Ski Dubai, iliyofunguliwa 2005 ndani ya duka kubwa la Mall of the Emirates, ina mteremko mrefu wa mita 400 tu. Kwa likizo haifai. Kwa mtihani inafaa sana. Ukiunganisha ndege hapo, saa mbili zitakuambia kama miguu inakumbuka, kabla hujalipia wiki nzima Ulaya.

Wateja wengine huniletea mfano wa Sabrina Simader, aliyeiwakilisha Kenya kwenye skii za mteremko katika Olimpiki ya Pyeongchang 2018. Dada huyo alikulia Austria, kwenye theluji tangu utotoni. Mfano unaowafaa zaidi ni Philip Boit, mkimbiaji wa Eldoret aliyepelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza skii za nyika, zile za kusukuma kwenye uwanda. Nagano 1998, mbio za kilomita 10, alimaliza wa mwisho, na Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyeshinda, akamsubiri mstarini kumkumbatia. Kinachonivutia mimi ni kwamba alianza mtu mzima, bila theluji yoyote katika maisha yake, akashiriki Olimpiki tatu. Skii za nyika hutumia mapafu kuliko breki, kisigino hakifungwi, na goti halipati ule msokoto wa hatari. Aliyewahi kupasuliwa goti na bado anaitamani theluji, namwelekeza Seefeld, Austria, palipofanyika mashindano ya dunia ya 2019: njia nyingi za nyika, miteremko michache midogo kando, na mwenzi wa ndoa anayependa kutembea tu hatachoka.

Vifaa navyo vimebadilika. Mwaka 1993 kampuni ya Elan ya Slovenia ilitoa skii zenye kiuno, nyembamba katikati na pana mbele na nyuma, na kufikia mwisho wa muongo ule kampuni nyingine zikawa zimefuata. Aliyeacha skii za mita mbili zilizonyooka atapewa leo zinazomfika kidevuni, nazo hugeuka kwa kuzilaza ubavuni tu. Ni rahisi zaidi, ila zinaenda kasi kabla hujajua, kwa hiyo asubuhi mbili za kwanza lipia mwalimu wa peke yako. Hapo usibane pesa.

Bana kwenye nguo. Soko la Toi, pale karibu na Adams, majaketi ya skii yapo tele, mengine yakiwa bado na tiketi ya lifti ya Alps ikining'inia kwenye zipu. Wanunuzi wake wakubwa ni watu wa boda boda, na wanajua kuchagua, maana wanapigwa na upepo wa saa kumi na moja alfajiri. Jaketi na suruali chukua huko. Buti la mtumba liache, hata likiwa linang'aa. Plastiki yake huzeeka hata isipovaliwa, na buti la miaka kumi na tano linaweza kupasuka vipande mteremkoni. Helmeti ya mtumba pia iache, hujui imegongwa wapi. Kodi hivyo vyote huko huko.

Na unapokodi, utaulizwa uzito, urefu, umri na uwezo wako. Maswali haya ndiyo hupanga nguvu ya kibano kinachoshika buti kwenye skii, ambacho kinatakiwa kuachia ukianguka. Aliyepita miaka 50 hulegezewa kidogo kwa makusudi. Nimeona wanaume wazima, mawakili na wahandisi, wakikiri kwangu kwamba waliongeza kilo wasizokuwa nazo, wakajipunguzia miaka na kujiita mahodari, ili wasidharauliwe na kijana wa dukani. Kibano hakijui heshima. Kikikazwa kupita kiasi hakiachii, na kinachoachia badala yake ni kano.

Kalenda ya shule zetu ni kikwazo kingine. Desemba tuko huru, lakini mwanzoni mwa mwezi theluji ni haba na Krismasi bei hupaa. Wiki zinazofuata Mwaka Mpya ndizo nafuu, ila watoto wamerudi darasani. Kama huna watoto wa shule, nenda nusu ya pili ya Januari kwa bei, au Machi kwa mwanga na jua. Likizo ya Aprili inafaa kwa vituo vya juu pekee, kama Obergurgl na Val Thorens.

Viza ya Schengen huombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari na kabla hazijabaki siku 15, ada ikiwa euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Oktoba ndiyo ya kuanza kama unataka Januari, kwa kuwa nafasi za miadi Desemba huwa taabu. Inatakiwa bima ya angalau euro 30,000, na hapa soma maandishi madogo: sera nyingi hukidhi sharti la viza lakini haziugusi mchezo wa skii mpaka uombe nyongeza, na hata nyongeza hiyo mara nyingi haimlindi anayetoka nje ya njia zilizowekwa alama. Italia, zaidi ya hayo, tangu 2022 inamtaka kila anayeskii awe na bima ya madhara atakayomsababishia mwingine, na tangu Novemba 2025 helmeti ni lazima kwa wote, wazee na watoto.

Mkibaki mnabishana kati ya vijiji viwili, ziandikie shule za skii za pande zote mbili. Taja umri wako wa kweli, miaka uliyokaa nje na goti lililowahi kukusumbua, kisha uliza nani atakufundisha na kwenye mteremko upi. Shule itakayokujibu kwa jina la mteremko, ikaeleza lifti yake na saa ambayo huwa hauna watu, ndiyo ya kukatia tiketi. Ile itakayokutumia orodha ya bei peke yake, achana nayo.