Anakula Vizuri, Mbona Anakonda?

Anamaliza sahani mbili za ugali na bado sketi inamlegea kiunoni. Moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa, jasho linamtoka wakati wenzake wamejifunika khanga. Mtaani watasema ana Ukimwi, au karogwa. Majibu ya VVU na ya kisukari yakirudi safi, wengine huishia kwa mganga. Kumbe kuna kipimo kimoja hakijaombwa: cha tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo.

Homoni za tezi hii ndizo zinazopanga mwili uchome chakula kwa kasi gani. Zikizidi, kila kitu hukimbia. Mwambie mgonjwa anyooshe mikono, viganja vikitazama chini, umwekee karatasi juu ya vidole: utaiona ikitikisika.

Chanzo kikubwa ni ugonjwa wa Graves, jina la daktari wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835. Kinga ya mwili huichokoza tezi bila kupumzika. Huwapata zaidi wanawake, baadhi hutokeza macho, na sigara huzidisha madhara hayo. Chanzo kingine ni rovu la siku nyingi lenye vinundu. Huko Kivu, Kongo, chumvi yenye madini joto (iodini) ilipoingia miaka ya 1990, baadhi ya watu walipatwa na tatizo hili la homoni kuzidi. Hiyo si sababu ya kuikimbia chumvi hiyo; kuyakosa madini joto hudumaza akili za watoto.

Kwenye damu, TSH, ambayo kazi yake ni kuihimiza tezi, huwa imeshuka, na homoni za tezi yenyewe, T4 au T3, zimepanda. Vidonge vya kabimazoli huzuia homoni mpya kutengenezwa, lakini haviigusi akiba iliyokwisha kuwekwa. Ndiyo maana wiki za mwanzo mgonjwa huona dawa haifanyi kazi, akaiacha. Avumilie mwezi hadi miwili. Katika muda huo propranololi hutuliza moyo, ila haimfai mwenye pumu. Dozi ya Graves huchukua miezi 12 hadi 18, na kwa karibu nusu ya wagonjwa ugonjwa hurudi. Hapo ndipo huzungumziwa iodini ya mionzi au upasuaji.

Anayetaka kushika mimba amweleze daktari mapema, maana huenda dawa ikabadilishwa. Na yeyote anayetumia kabimazoli akipata homa au koo likimuuma, asikimbilie duka la dawa. Aache vidonge, aende hospitali siku hiyohiyo apimwe chembe nyeupe za damu: mara chache dawa hii huzishusha kiasi cha kuhatarisha maisha.