Fahamu: Vitundu vya bodi na pete za shaba zisizo na kazi

Mkute fundi yeyote wa Sokon I, jijini Arusha, akifungua king'amuzi kibovu, kisha imulike bodi yake kwa tochi. Utaona vitundu vidogo mno, visivyopitisha mguu wa kifaa chochote. Hivyo huitwa via. Kuta zake zimepakwa shaba, na kazi yake ni kuvusha umeme kutoka tabaka moja la bodi hadi jingine. Kila via huzungukwa na pete ya shaba, yaani pedi.

Kwenye bodi ya matabaka mawili, pete zote mbili zina kazi. Mambo hubadilika matabaka yakiwa manne au zaidi: via hutoboa yote, lakini tabaka la kati huenda lisiwe na njia ya umeme inayoungana nayo. Pete ya hapo inakula nafasi bure.

KiCad, programu ya bure ya kuchora bodi, iliyoanzishwa na Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992, ina amri ya kuondoa pete hizo tangu toleo la 6 la Desemba 2021. Nafasi huongezeka, na ishara za kasi kubwa hupita safi zaidi.

Ila tundu lenyewe halijaondoka! Ukuta wa shaba bado upo, na keekee huweza kuyumba kidogo. Njia ikisogezwa karibu mno, bodi huweza kupiga shoti. Kijana unayejifunza kuchora bodi, pima umbali kuanzia ukingo wa tundu, na usome masharti ya kiwanda kabla ya kutuma mchoro.